Moto wa Mei na Moto wa Septemba

Jumapili ya Oktoba 11, 2020, moto ulizuka Whona, mahali ambapo wapanda mlima wanaofuata njia ya Marangu hupumzika wakitoka Mandara kwenda Horombo. Giza lilipoingia, wakazi wa Moshi mjini waliuona kwa macho yao ukitambaa ubavuni mwa Kilimanjaro. Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, lilieleza kuwa kwa taarifa za awali chanzo kilikuwa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Kwa siku kadhaa mamia ya watu, wakiwamo askari wa hifadhi, wanafunzi wa Chuo cha Mweka na wanavijiji, walipanda kwenda kukabiliana na moto uliokuwa ukisukumwa na upepo mkali. Wengi wao silaha yao ilikuwa panga, jembe na tawi bichi. Oktoba 21, 2022 habari ikajirudia, safari hii karibu na kambi ya Karanga, kwenye mwinuko wa karibu meta 4,000, na wanajeshi wakaongezwa.

Miezi miwili kabla ya moto huo wa pili, Serikali ilikuwa imezindua intaneti ya kasi Horombo. Mtalii akawa anaweza kurusha picha ya moshi akiwa juu ya mawingu, huku mtu wa kuuzima akiwa bado na saa kadhaa za kupanda kwa miguu.

Nchi nzima iliuzungumzia moto wa Kilimanjaro, na ilistahili. Lakini katika majuma hayo hayo Tabora ilikuwa inaungua, na Katavi, na Ruvuma, na Lindi, wala sikumbuki chombo cha habari kilichotuma mwandishi huko. Setilaiti za NASA zinazopita juu yetu kila siku huweka nukta nyekundu kwenye ramani kila zinapohisi joto la moto. Fungua ramani ya Septemba ya mwaka wowote utakao, uitazame Tanzania kuanzia Kigoma, ushuke Katavi na Rukwa, uvuke Ruvuma hadi Liwale. Nukta zimejaa mpaka zinashikana. Afrika ndilo bara linaloungua kuliko mengine yote: zaidi ya nusu ya eneo linaloungua duniani kila mwaka liko kwetu, na sehemu kubwa yake ni nyika na misitu ya miombo ya kusini mwa ikweta. Moto huo hauna picha nzuri. Unapita kwenye nyasi usiku, asubuhi unaacha majivu, na basi la Songea linapita kando yake bila abiria kugeuza shingo.

Hoja yangu ni kwamba moto unaoila misitu ya nchi hii ni huo wa Septemba na Oktoba kwenye miombo, na kwamba dawa yake kubwa ni moto mwingine, unaowashwa mapema, Mei na Juni, kwa mpango na kwa kibali. Kaulimbiu ya kukataza moto wote inafaa mlimani na kwenye mashamba ya miti. Kwenye miombo imehubiriwa tangu enzi za mkoloni, na miombo imeendelea kuungua.

Mkono wa mtu

Kuna jambo linalotutofautisha na nchi nyingine zenye misitu mingi. Kanada mwaka 2023 ziliungua karibu hekta milioni 15, na sehemu kubwa ya eneo hilo iliteketezwa na mioto iliyowashwa na radi. Kwetu radi huja na mvua. Katika ukanda wa miombo mvua hukatika Aprili au Mei na hairudi hadi Novemba, na katikati hapo anga ni kavu na kimya. Kwa hiyo moto wa Agosti kwenye pori la Urambo au Nachingwea una mwenyewe: kuna mtu aliyeuwasha, kwa kusudi au kwa kupitiwa.

Anaweza kuwa mkulima anayeandaa shamba. Kusini, zao la ufuta limeongeza kasi hii, kwa kuwa ufuta hustawi kwenye ardhi mpya na mkulima hufyeka msitu, akaacha miti ikauke, kisha akachoma kabla ya mvua za kwanza. Anachoma mchana, jua likiwa kali na upepo umeamka, kwa sababu anataka magogo yaungue yaishe. Moto ukimaliza shamba lake hausimami mpakani. Anaweza kuwa mfugaji anayetaka majani mabichi yachipue kwa ajili ya ng'ombe na kupe wafe, au mwindaji anayejua kwamba swala hawatakosa kufuata majani hayo. Anaweza kuwa kijana anayewinda ndezi, au mchoma mkaa aliyeacha tanuri lake likipumua. Anaweza pia kuwa mrina asali anayepanda mtini usiku na mwenge wa nyasi, cheche zikidondoka chini wakati yeye anahangaika na nyuki. Mkoa wa Tabora, unaosifika kwa asali, umelipa gharama ya mwenge huo miaka mingi, ingawa bomba la moshi la mfugaji nyuki linafanya kazi ile ile bila kuchoma hata jani.

Na yupo mtu ambaye wataalamu humsahau: anayechoma kwa sababu anaogopa. Ukiishi Rufiji au Liwale, nyasi za urefu wa kukupita kichwa kando ya njia ya kwenda kisimani ni maficho ya nyoka, na kwa miaka kadhaa zilikuwa maficho ya simba wala watu. Kumwambia mama anayepita hapo kila alfajiri kwamba kuchoma nyasi ni uharibifu wa mazingira ni kumvunjia heshima.

Ndiyo maana sipendi namna viongozi wetu wanavyolizungumza jambo hili, wakimwita kila mchomaji mhalifu au mjinga. Karibu kila mmoja kati ya hawa ana sababu inayoeleweka. Kinachokosekana ni makubaliano ya lini achome, wapi, na nani awe amesimama pembeni.

Ndola, 1933

Mwaka 1933, karibu na mji wa Ndola katika nchi ambayo leo ni Zambia, maofisa misitu walipima vipande vya miombo na kuanza jaribio la subira ndefu. Kipande kimoja kililindwa kabisa, moto usiguse. Kingine kilichomwa kila mwaka mapema, mara nyasi zinapoanza kukauka. Cha tatu kilichomwa kila mwaka mwishoni mwa kiangazi. Kisha wakangoja. Mwaka 1959 Colin Trapnell alichapisha matokeo, na hadi leo ni vigumu kuzungumzia moto na miombo bila kurejea kwake.

Kipande kilicholindwa kilisongamana, kikaanza kuota vichaka na miti ya majani mabichi isiyo ya miombo. Kile kilichochomwa mapema kilibaki miombo: miti mikubwa ilisimama, midogo ikaendelea kuja juu. Kile cha mwisho wa kiangazi kilikufa polepole. Miti mikubwa ilipungua mwaka hata mwaka, michanga haikupata nafasi ya kuinuka, na nyasi zikatwaa mahali pake. Mvua ilikuwa ile ile na ardhi ile ile. Tofauti ya msitu na uwanja wa nyasi ilikuwa miezi michache ya kalenda.

Sababu zake ziko wazi kwa yeyote aliyewahi kuwasha moto wa kupikia wakati wa masika. Mei na Juni nyasi zina maji bado. Moto hushika kwa shida, miali haizidi magoti, unaruka sehemu zenye kivuli, na umande wa usiku huuzima wenyewe. Unachoacha ni mabaka, hapa pameungua, pale hapakuungua. Septemba nyasi zimekauka hadi kwenye shina, majani yaliyopukutika yamelala chini, joto limepanda na upepo unavuma. Moto wa wakati huo hupanda hadi kwenye matawi na hausimamishwi na kijito kilichokauka.

Kuna jambo la pili, la kibayolojia. Miti ya miombo haingoji mvua ili ichipue. Mtundu, muba na wenzao hutoa majani mapya Agosti, Septemba na Oktoba, ardhi ikiwa bado kavu, na ndiyo maana msafiri wa Tabora huona pori limegeuka jekundu na rangi ya shaba kabla hata wingu moja halijatokea. Mti hutumia akiba yake ya mwaka mzima kuyatoa majani hayo. Moto kichaa ukipita wakati huo unaunguza majani machanga na vikonyo, mti unalazimika kuanza upya bila akiba. Ukifanyiwa hivyo mwaka huu na mwaka ujao na wa tatu, hauna pa kuanzia.

Mninga unaoujua kwenye milango na vitanda vya nchi hii una hadithi yake. Mche wa mninga unapoota, haukimbilii kwenda juu. Kila kiangazi sehemu iliyo juu ya ardhi hufa, kwa ukame au kwa moto, na mzizi unabaki chini ukinenepa. Mvua ikija unachipua tena, kiangazi unakufa tena. Unaweza kukaa hivyo kwa miaka mingi, mtu akipita hapo anaona kichaka kisicho na thamani, mpaka mwaka mmoja mzizi uwe na nguvu ya kurusha chipukizi refu lenye gome la kutosha kuukabili moto wa kiangazi kinachofuata. Huo ni mti uliozaliwa ukijua moto. Lakini umeujua moto wa chini, unaopita haraka. Moto wa Septemba wa kila mwaka huurudisha ardhini kila unapojaribu kuinuka, na mkataji mbao anapofika kuuvuna mkubwa, hakuna wa kushika nafasi yake.

Mpingo nao hauuliwi upesi na moto, bali hutobolewa. Jeraha la moto la utotoni linaingiza uozo katikati ya shina, na miaka mingi baadaye mti unaoonekana mzima unakutwa na uwazi ndani. Watengenezaji wa klarineti na oboi wanataka kipande kisicho na ufa. Kijiji kilichotunza mti huo kwa umri wa mtu mzima kinaambiwa ni wa kuni.

Maji yanayopotea

Hesabu za misitu zilizofanywa nchini kwa jina la NAFORMA zilionyesha kuwa Tanzania Bara ina zaidi ya hekta milioni 48 za misitu, zaidi ya nusu ya ardhi yake, na sehemu kubwa mno ya hizo ni miombo. Ndiyo maana nimeizungumzia miombo kwa kirefu. Lakini misitu ya milimani, ingawa ni midogo kwa eneo, ina kanuni yake, na huko moto hauna msimu mwema.

Rudi Kilimanjaro. Kwa miaka mingi dunia imeililia theluji ya kilele cha Kibo. Mwaka 2005 Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea ambaye ameuchunguza mlima huo kwa muda mrefu, alichapisha hoja iliyogeuza mjadala: kwa watu wanaoishi chini ya mlima, msitu unaoungua ni hasara kubwa kuliko barafu inayoyeyuka. Msitu wa juu, unaokaa ndani ya mawingu, hukamua maji kutoka kwenye ukungu. Matone hushikwa na majani membamba ya miti ya Erica na mimea midogo laini inayofunika matawi, yanadondoka, yanazama kwenye udongo na kutokea chini kama chemchemi. Barafu ya Kibo inachangia kidogo sana ukilinganisha na kazi hiyo. Ukanda wa Erica unapoungua mara kwa mara unashuka kuwa vichaka vifupi, kisha nyasi, na ukungu unapita juu yake bila kukamatwa. Tangu katikati ya miaka ya 1970 mpaka wa juu wa msitu umekuwa ukisukumwa kushuka chini kwa moto, katika mlima unaozidi kuwa mkavu.

Maji hayo ndiyo yanayoingia kwenye mifereji ya Wachagga, kwenye migomba na kahawa, yanakwenda Kikuletwa na Ruvu ya Kilimanjaro, yanakusanyika bwawa la Nyumba ya Mungu, yanashuka Pangani na kuzungusha mitambo ya umeme ya Hale. Uluguru hali ni kama hiyo: moto unaotoka shambani ukaingia msitu wa juu ya Morogoro unagusa Mto Ruvu, na Ruvu ndiyo inayojaza ndoo za Dar es Salaam. Mkazi wa Tabata asiyewahi kuuona mlima huo ana sababu ya kumjali mkulima wa Kinole.

Kuuzima moto wa mlimani ni kazi inayochosha kuliko inavyoonekana. Juu huko tabaka la mboji ni nene, na moto hujificha ndani yake na kwenye mizizi. Watu huuzima juu, wakashangilia, siku ya pili unatokea meta 50 nyuma yao. Inabidi kuchimba mtaro hadi kwenye udongo mtupu, hewa ikiwa nyepesi na maji yakiwa mbali. Kwa hiyo fedha iliyo bora ni ile inayotumika kabla: majiko salama kwa wapagazi, mahali maalumu pa kupikia pasipo na nyasi, vikosi vilivyofunzwa vinavyokaa mlimani miezi ya Agosti hadi Oktoba. Watalii wanalipa ada nono kuupanda mlima ule. Sehemu ndogo ya ada hizo ingetosha.

Misindano na wenyewe walio mbali

Mufindi, Kilolo na Njombe kuna sura nyingine ya jambo hili. Shamba la Miti la Sao Hill ndilo kubwa kuliko yote nchini, na pembeni yake maelfu ya wananchi wamepanda misindano na mikaratusi yao wenyewe, wengine ekari moja, wengine 50. Huku watu hupanda miti kwa hesabu ya ada ya chuo ya mtoto ambaye leo yuko chekechea.

Msindano una utomvu unaowaka, na majani yake makavu hutandika chini godoro linaloshika moto kwa kiberiti kimoja. Mkaratusi ukiungua unaweza kuchipua kwenye kisiki. Msindano hauchipui. Moto wa alasiri moja unafuta miaka 15 ya kungoja, na mwenye shamba, ambaye mara nyingi hana bima, anabaki akiuza mabaki kwa bei ya mkaa.

Sao Hill ina minara ya kuangalizia, barabara za kuzuia moto zinazosafishwa kabla ya kiangazi, na vikosi vya zamu. Misitu ya wananchi wengi haina hata mstari mmoja uliofyekwa. Hapa nitasema jambo ambalo baadhi ya wasomaji wangu wa mjini hawatalipenda. Moto wa huku unapewa njia na wamiliki walio mbali: walionunua ekari zao kupitia ndugu, wakapanda, wakapiga picha, wakarudi Dar es Salaam au Dodoma kungoja utajiri. Mashamba yao hayafyekwi. Jirani aliye kijijini anafyeka mpaka wake meta kumi, upande wa pili nyasi zinamfikia kifuani. Halmashauri zina uwezo wa kutunga sheria ndogo inayomlazimisha mwenye shamba la miti kusafisha mpaka kabla ya Juni kwisha, na kumtoza gharama akiiachia serikali ya kijiji imfanyie. Huko ambako sheria hiyo ipo, itumike bila kuangalia sura ya mtu.

Kibali kinachochelewa

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 haikukataza moto moja kwa moja. Imeweka utaratibu: anayetaka kuchoma apate kibali, na majirani wajue. Kwenye karatasi ni mpango mzuri. Kwa mwanakijiji aliye kilometa 60 kutoka ofisi ya wilaya, ni nauli, siku mbili, na uwezekano wa kumkosa ofisa. Hivyo anayefuata sheria hukaa bila kuchoma, Mei inapita, Juni inapita, nyasi zinakauka. Septemba inafika na mtu asiyejali sheria anawasha usiku na kukimbia. Kilichokusudiwa kupunguza moto kinaishia kuusogeza hadi kwenye mwezi mbaya kuliko yote. Na anayewasha kwa siri hawezi kubaki kuulinda moto wake, kwa kuwa kubaki ni kukamatwa.

Wazee waliposema dawa ya moto ni moto walikuwa wakizungumzia ugomvi wa watu, lakini Kilwa usemi huo umechukuliwa kama ulivyo. Vijiji vya Kikole na Kisangi mwaka 2009 vilipata cheti cha FSC, cha usimamizi bora wa misitu, kwa misitu yao ya asili, jambo ambalo lilikuwa la kwanza kwa misitu ya namna hiyo inayosimamiwa na wanavijiji barani Afrika. Shirika lililovisaidia, MCDI, lililoanza kwa ajili ya kuuhifadhi mpingo, baadaye lilifanya jaribio la mradi wa kaboni kwa fedha za Norway, na nguzo yake ilikuwa uchomaji wa mapema. Wanakijiji hutembea kwenye mipaka ya msitu mara mvua zikikatika, wakiwasha mistari alasiri ili umande wa usiku uumalize moto. Moto kichaa ukija Septemba unakuta nyasi za mpakani zimeshaliwa, unakosa pa kushika.

Kazi hiyo inataka watu wanaojua pori lao: nyasi za bondeni hukauka lini, upepo hugeuka saa ngapi, mizinga ya nani iko wapi, mikorosho ya nani imepakana na msitu. Mikorosho ni jambo zito kwa Lindi na Mtwara, kwa sababu msimu wa moto na msimu wa kuokota korosho huangukiana, na mkulima asiyefagia chini ya miti yake anaweza kupoteza mavuno na mti kwa mchana mmoja. Maarifa hayo hayako kwenye setilaiti. Setilaiti itakuambia moto umeshawaka.

Wasukuma wana somo lao pia. Ngitili, eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili lifunguliwe kiangazi kikiwa kikali, lililindwa dhidi ya mifugo na moto kwa sheria za jamii yenyewe. Dagashida, baraza la jadi, ilitoa hukumu, sungusungu wakaitekeleza. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulifufua utaratibu huo katika mkoa ambao watu walikuwa wakiuita jangwa, na zaidi ya hekta 300,000 zikarudi kuwa na miti. Mtu aliyewasha moto ngitilini hakungoja polisi kutoka mjini. Alikabiliwa na majirani ambao ng'ombe wao wangelala njaa.

Kuwa na cha kupoteza ndiko kunakoamua moto uzimwe au usizimwe. Vijiji vya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, ambavyo vinapata fedha za kaboni kutokana na misitu ya milima ya Ntakata, vimejenga madarasa na zahanati kwa fedha hizo. Kijana wa huko akiona moshi anajua ni zahanati inayoungua. Kijiji ambacho msitu wake unalindwa na wakala, unavunwa na mfanyabiashara, na ushuru wake unakwenda kwingine, hakina sababu ya kuamka usiku.

Kuna kizuizi kimoja kidogo ambacho kingeweza kuondolewa mwaka huu. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1. Halmashauri inayopanga kazi ya moto kama kazi mpya ya mwaka itapata fedha, ikizipata, Agosti au Septemba, wakati msimu wa uchomaji wa mapema umeshapita na kuchoma kumekuwa hatari. Fedha za Mei lazima ziwekwe kwenye robo ya nne ya bajeti, Aprili hadi Juni, tena ziandikwe kwa jina lake ili zisihamishwe. Si fedha nyingi: mafuta ya pikipiki ya ofisa misitu, mabuti, reki, chakula cha watu 20 kwa siku chache. Kibali nacho kitolewe na mtendaji wa kijiji, kwa ramani na tarehe zilizokubaliwa na wilaya mapema, badala ya kila mtu kusafiri na barua yake.

Wenyeviti wa vijiji, mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Ule wa Machi au Aprili uwe na ajenda ya moto. Itisheni wafugaji, warina asali, wachoma mkaa na wenye mashamba yanayopakana na msitu, mkubaliane tarehe na mistari ya kuchoma, na majina ya watakaosimama zamu yaandikwe kwenye muhtasari kabla nyasi hazijakauka.